Osogo Nambari Thelathini na Moja

Ndege wenyewe ni wadogo, wa manjano, nyuso zao nyeusi kama waliochungulia ndani ya sufuria ya kuni, na kelele zao zinaweza kumwamsha mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi. Wajaluo wanawaita osogo. Vitabuni wanaitwa kwera. Mimi sikuwa na haja nao hata kidogo mpaka mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa fundi wa maabara katika hospitali moja mjini Kisumu, na bwana mmoja akatokea mlangoni na barua ya wakubwa. Barua ilisema apewe meza, umeme, na mtu wa kumsaidia Jumamosi na alasiri zisizo na kazi nyingi. Mtu mwenyewe nikawa mimi.

Alikuwa Mjaluo wa upande wa Sondu, mrefu, amerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo na koti zito ambalo hakukubali kulivua hata jua la Kisumu lilipokuwa utosini. Shahada ya udaktari alikuwa bado hajaipata; alikuwa ndiyo kwanza anafanya utafiti wake. Lakini mfagizi wetu alimwita Daktari siku ya kwanza, naye hakumsahihisha, basi akabaki Daktari. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, binti wa Kimaragoli, nimezoea kutazama malaria kwenye darubini kuanzia asubuhi mpaka macho yatoe maji. Nilikuwa pia na tabia mbaya, nami niiseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine: nikimwona mtu anajisikia, mkono wangu huniwasha mpaka nimvute shati kidogo.

Kazi yake ilikuwa hii. Zile mvua kubwa za karibu na Uhuru ziliinua ziwa mpaka likaingia mashambani na majumbani. Mafunjo ya Dunga, ufukweni nje kidogo ya mji, yaling'oka na kuelea kama visiwa, na osogo waliokuwa wakisuka viota vyao humo wakakosa makao. Wengine walikuja mjini na kujipangia kwenye miti ya barabarani, juu ya maduka na kituo cha petroli, wakawa watu wa mjini kabisa, wanaokota makombo ya chapati. Wengine walisubiri mafunjo yaote tena wakarudi. Miaka karibu kumi ilikuwa imepita, na kwa ndege mdogo hivyo miaka kumi ni vizazi vingi. Daktari alitaka kujua kama osogo wa mjini na osogo wa mafunjo bado ni wamoja ndani ya damu, au maisha mapya yameanza kuwatenganisha.

Alinieleza njia yake kwa kujivuna kidogo, lakini alieleza vizuri. Unachukua tone la damu kwenye mshipa ulio chini ya bawa. Unaliweka kwenye kipande cha wanga kilichoganda kama uji wa jana. Unapitisha umeme. Protini za damu zinaanza kutembea ndani ya ule wanga, nyingine mbio, nyingine polepole, na ukimwagia rangi baada ya saa kadhaa unaona mistari ya buluu. Protini moja aliyokuwa akiifuata ilikuwa na mistari miwili inayowezekana, wa mbele na wa nyuma. Kila ndege amerithi kwa baba na kwa mama: ama wa mbele tu, ama wa nyuma tu, ama yote miwili. Ukihesabu ndege wengi wa kila mahali, unajua ni jeni gani imezidi wapi.

"Kama pua," nilisema.

"Kama pua," alikubali, "ila pua hii haionekani kwa macho."

Tulikwenda kutega alfajiri, na nyavu nyembamba kama nyuzi za nywele. Yeye alinasua ndege, mimi nikachoma sindano, nikajaza kijirija, nikavisha pete ya rangi mguuni na kuandika daftarini. Ndege aliachiliwa akiwa na hasira nyingi lakini mzima. Osogo anauma, nawaambieni. Vidole vyangu vilikuwa na alama mpaka wagonjwa wakaniuliza ninafuga nini nyumbani.

Mkebe wa wanga aliokuja nao kutoka ng'ambo uliisha kabla ya miezi mitatu. Ndipo nilipomleta jirani yangu wa Manyatta, mama mmoja Mkikuyu aliyekuwa akiuza viazi katika soko la Kibuye. Ukuta wake na wangu ulikuwa mmoja, kwa hiyo alikuwa akijua habari zangu zote na mimi zake. Alikwaruza viazi, akavichuja kwa kitambaa, akaacha maji yatulie mpaka unga mweupe ukabaki chini, akauanika kwenye sinia juu ya paa la choo. Daktari aliutia asidi kidogo, akaupika, akaumimina kwenye fremu yake ya kioo. Ukaganda sawasawa. Tangu siku hiyo Mama wa Viazi alikuja kila Jumamosi na sinia lake kichwani, akaketi kwenye benchi la wagonjwa akisuka kiondo, eti anataka kuona viazi vyake vinafundishwa nini.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Jumamosi moja nilibandika lebo vibaya kwenye vijirija viwili. Nilikuwa nimeligundua mwenyewe na ninarekebisha, lakini Daktari aliniona, akanisomea somo refu mbele ya Mama wa Viazi na mbele ya mfagizi. Alisema mtu mzembe anaweza kuharibu kazi ya mwaka. Hilo lilikuwa kweli. Kisha akaongeza, akipiga kioo chake kwa ukucha, "Lakini mashine hii haidanganyiki. Damu haidanganyi. Niletee damu ya ndege yeyote aliye kando ya ziwa hili, nitakuambia habari zake."

Mkono wangu ukaanza kuwasha.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, Mama wa Viazi alikuwa akichinja jogoo uani kwa sababu shemeji yake alikuwa anakuja kutoka Nyeri. Nilitoka na kijirija mfukoni.

"Nipe tone moja," nikamwambia.

Alinitazama, akamtazama jogoo, kisha akaanza kucheka kabla sijaeleza chochote. "Ngai! Utamwua yule mtu."

"Tone moja tu. Tuone kama hadanganyiki."

Tulikuwa tumetoka Dunga juzi yake na damu ya osogo thelathini. Nikaandika daftarini, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: nambari thelathini na moja, dume, Dunga, mkali sana. Pete: imeanguka.

Niliwaza kwamba Daktari atatazama, atashangaa dakika moja, mimi nitasema "kuku," tutacheka, na yeye atateremka kidogo kutoka pale juu alipopanda. Huo ndio ulikuwa mpango wote.

Jioni ile alimwaga rangi, akasubiri, akasafisha. Mistari ikatokea kama kawaida, wa mbele, wa nyuma, wa mbele, miwili. Halafu kwenye njia ya thelathini na moja, mbali kabisa na wenzake, mstari mmoja mnene umekaa peke yake kama mtu aliyekosea harusi.

Daktari alivua koti. Katika miezi yote ile sikuwa nimemwona akivua koti.

"Yawa," alisema polepole. "Yawa. Huyu ni nani?"

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua. Lakini alinigeukia na uso ambao sijauona kwa mtu mzima tena, uso wa mtoto aliyeona gari moshi mara ya kwanza, akanishika mabega yote mawili, na maneno yakanirudi tumboni. Mama wa Viazi aliinamia kiondo chake. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, na Daktari akadhani analia kwa furaha ya sayansi.

Jumatatu alirudia. Mstari ukaja palepale. Jumanne alikuwa tayari ana maelezo: hawa ni osogo wa zamani wa mafunjo, ambao hawakukimbia maji yalipopanda, wana jeni yao wenyewe iliyowasaidia kustahimili gharika, na mjini haipo hata kidogo kwa sababu wenye jeni hiyo hawakuhama. Nadharia ilikuwa nzuri sana. Nilikaa nikaisikiliza mwanzo mpaka mwisho, na kama nisingemjua jogoo mwenyewe ningeiamini.

"Sasa," akasema, "tumtafute tena huyu thelathini na moja."

Malipo yangu yakaanza. Alfajiri tatu mfululizo nilisimama ndani ya tope la Dunga mpaka mapajani, ruba wakinipanda, nikimtafuta ndege ambaye shemeji wa Mama wa Viazi alishamla kwa ugali. Kila osogo aliyenaswa bila pete, Daktari alimwinua kwenye mwanga na kuniuliza, "Ni huyu? Alikuwa mkali kuliko huyu?" Nami nikatazama kwa makini na kutikisa kichwa, "Hapana, yule alikuwa mkubwa kidogo." Hilo angalau lilikuwa kweli.

Siku ya tatu alipita mama mmoja mzee aliyekuwa akikata mafunjo ya kusukia mikeka. Aliweka mzigo wake chini, akatutazama kwa muda mrefu.

"Wuoda, mwanangu, mnatafuta nini humo?"

"Osogo mmoja, mama," Daktari akajibu kwa heshima.

"Osogo *achiel*?" Aliyainua macho juu. Mafunjo yote yalikuwa yanatikisika kwa osogo, mamia na mamia, wanapigana, wanaimba, wanaibiana nyasi. "Mmoja?" akauliza tena, kisha akanigeukia mimi, kwa sauti ya huruma. "Nyara, binti yangu, wewe ndiye unamtunza huyu?"

Nilicheka mpaka ruba akanidondoka. Daktari naye alicheka, maskini, bila kujua ni nani anayechekwa, na kicheko chake ndicho kilichoanza kuniuma.

Siku ya Ijumaa alinipa bahasha nipeleke posta. Ilikuwa barua ya ndege, kwa maana zote mbili, ya kwenda kwa profesa wake ng'ambo. Alikuwa ameiandika kurasa nne na kuchora ule mstari kwa wino wa buluu. "Ikifika," aliniambia, "watu watajua hata Kisumu kunafanyika sayansi."

Nilifika posta. Nilisimama foleni. Zamu yangu ilipofika nikamwambia karani nimesahau kitu, nikatoka. Nilikaa na ile barua mkobani siku mbili, na kila nilipofungua mkoba kutafuta ufunguo niliona mwandiko wake.

"Mwambie," Mama wa Viazi alisema juu ya ukuta.

"Tumwambie wote wawili. Na wewe ulikuwapo."

"Kuku alikuwa wangu," akasema, "lakini mkono ulikuwa wako." Na akaingia ndani kwake.

Jumapili baada ya kanisa nilimkuta Daktari maabarani, peke yake, anaosha vioo. Nikaiweka barua mezani.

"Haikutumwa?"

"Haikutumwa."

"Stempu hazikutosha?"

"Zilitosha. Daktari, thelathini na moja si osogo."

Alijifuta mikono taratibu. "Ni ndege gani?"

"Kuku."

Nilingoja apige kelele. Alitazama dirishani, akatazama daftari, akafungua ukurasa wa Dunga na kusoma kwa sauti: "Dume. Mkali sana." Kisha akauliza, kwa sauti ndogo kabisa, "Kuku wa aina gani?"

"Jogoo wa kienyeji. Mwekundu. Wa jirani yangu."

"Yuko wapi sasa?"

"Ameliwa."

Alichukua koti lake, akalivaa, akaitia bahasha mfuko wa ndani, akaondoka. Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Nilijiambia kwamba atakuwa kwa mkuu wa hospitali ananiandikia barua ya kufukuzwa, nikaanza kuhesabu nina nguo ngapi za kurudi nazo Maragoli.

Jumatano aliingia na daftari jipya. Hakunisalimu. Aliniketisha kama mgonjwa.

"Nimefikiria," alisema. "Kosa lako ni kubwa. Langu ni kubwa zaidi. Niliona kuku nikaandika kurasa nne. Kama ulinipa kuku nikakubali, mimi mwenyewe nimejipa vitu vingapi bila kujua? Kila ninapotazama mistari najua huyu ni wa mjini, huyu ni wa Dunga, na jicho linaona linachotaka."

Akanisukumia daftari. Kuanzia siku ile ni mimi niliyegawa nambari. Yeye alisoma mistari bila kujua damu imetoka wapi, na orodha ya mahali ilikaa kwangu, chini ya ufunguo, mpaka mwisho. Na mara mojamoja nilitakiwa kuingiza tone la kitu kingine bila kumwambia: bata, njiwa, chochote.

"Ukinitilia kuku tena," alisema, "nitamjua."

Na kweli alimjua. Alimjua bata, alimjua njiwa wa kanisani, alimjua kuku mara zote. Nilijaribu hata kumtilia ndege yuleyule mara mbili kwa nambari mbili, akalinganisha mistari yote, akaja ananionyesha kwa kidole: "Hawa ni ndugu au ni mmoja." Nilianza kumheshimu, jambo lililonisumbua.

Msiba wangu uliobaki ulikuja mwezi mmoja baadaye, nilipokuwa nimeshasahau. Alisema anataka tone la damu ya binadamu ili kulinganisha. Nikatoa kidole changu kwa moyo mweupe. Jumamosi aliniita, na Mama wa Viazi akasogea na kiondo chake.

"Njia ya kwanza, osogo," Daktari akaeleza kwa uso mkavu kama ubao. "Ya pili, kuku. Ya tatu, wewe."

Nilitazama. Nikatazama tena. Mstari wangu ulikuwa umekaa sambamba na wa kuku, kama wamepangwa kwa rula.

"Hii si kawaida," alisema, akiandika. "Kwenu Maragoli kuna wengine walio hivi?"

Nilimwuliza kama ni ugonjwa. Alisema hawezi kusema bado. Nilimwuliza kama unarithiwa. Alisema sana. Aliniacha hivyo saa nzima, nikikumbuka kila kuku niliyewahi kula, mpaka Mama wa Viazi aliposhindwa kujizuia, leso ikamdondoka, kiondo kikabingirika mpaka mlangoni, nikaelewa kwamba damu ya njia ya tatu ilitoka uani kwake na si kidoleni kwangu. Alikuwa amemchinja jogoo wa pili kwa ajili yangu tu. Tulimla siku ileile, watu watatu, na Daktari alichukua firigisi bila kuuliza.

Siku ya kufungua orodha ilipofika hakukuwa na kelele. Nilisoma mahali, yeye akapanga nambari kwenye safu mbili. Kati ya osogo wa mjini, wenye mstari wa mbele walikuwa wengi kuliko wa Dunga. Tofauti ilikuwapo, si kubwa sana, lakini alipoirudia na ndege wengine ikabaki.

"Basi mjini kumewabadilisha," nikasema.

"Labda." Alikuwa amejifunza kusema labda. "Labda wenye jeni hiyo wanaishi vizuri zaidi mjini, wanazaa zaidi. Au labda wale wachache waliokimbia maji mwanzoni walikuwa nayo kwa bahati tu, na hawa wote ni wajukuu wao. Damu inasema wametofautiana. Sababu haisemi."

Mama wa Viazi aliinua kichwa. "Hiyo ya pili ndiyo sisi," alisema. "Lori la kwanza lililotuleta Kisumu lilibeba watu wa mlima mmoja, karibu wote wa ukoo mmoja, wenye mwanya hapa mbele. Leo tembea Kibuye, upande wetu, kila mtoto ana mwanya. Wajaluo wanadhani ni kwa sababu ya viazi."

Daktari alimwomba arudie polepole, akaandika yote. Mwaka uliofuata alipata shahada yake, tukaendelea kumwita tulivyomwita, na akaenda kufundisha Nairobi. Hatukujua kama siku moja mtu atakuja na vifaa bora na kujibu lile swali la sababu. Mimi nilirudi kwa malaria yangu.

Baadaye kidogo miti mikubwa ya barabarani ilikatwa, kwa kuwa osogo walikuwa wanachafua magari ya watu. Walipotea siku mbili. Siku ya tatu nilifika kazini nikawakuta juu ya miti ya hospitali, nje kabisa ya wodi ya wanaume, wanavunja majani na kusuka kama wamechelewa. Wagonjwa walilalamika. Matroni, mwanamke mwenye sauti ya kengele, alinikuta nimesimama chini yao na kuniambia wafanyakazi watakuja Ijumaa na ngazi kuangusha viota vyote.

"Haiwezekani, matroni," nilisema kabla sijajua nitasema nini. "Ndege hawa wana nambari."

"Nambari gani?"

"Za damu. Wameandikwa. Kila mmoja ana jalada lake Nairobi, na akipungua hata mmoja ni lazima barua ije kuuliza ni nani aliyetoa amri."

Alitazama juu. Osogo mmoja alimwangushia kipande cha jani begani, akalipangusa kwa heshima fulani.

"Wote?" akauliza.

"Wote," nikamjibu, na ngazi haikuja Ijumaa hiyo wala nyingine.